Geti la saa mbili na nusu

Geti la hosteli yetu mjini Pune lilifungwa saa mbili na nusu usiku. Dakika moja ikizidi, umechelewa. Mlinzi alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na humo uliandika jina, namba ya chumba, ulikotoka na sababu. Ukifikisha mara tatu, mzazi anapigiwa simu. Mtaa wa pili kulikuwa na hosteli ya wavulana wa chuo hichohicho. Nao walikuwa na geti na mlinzi, lakini miaka yote mitatu sikuwahi kuliona geti lile limefungwa.

Nilifika mwishoni mwa Julai 2014, binti wa Tanga mwenye miaka ishirini. Mwenzangu wa chumbani alitoka Kolkata, upande wa pili kabisa wa India, na Kimarathi cha Pune kilikuwa kigeni kwake kama kilivyokuwa kwangu. Tulijifunza pamoja. Kwa Kimarathi "dada" ni kaka, na "kaka" ni baba mdogo, kwa hiyo mlinzi wetu, mzee wa miaka hamsini na ushee, tulimwita Kaka. Mama aliyefagia korido tulimwita Maushi, yaani mama mdogo. Jambo hilo lilinituliza moyo kuliko chakula au hali ya hewa: hata huku mtu mzima haitwi jina lake kavu.

Wiki ya kwanza mwenzangu alinipa pini. Pini ya kawaida tu, ya kubania mtandio. Aliipachika mwenyewe upande wa ndani wa mkanda wa mkoba wangu, akasema hii ni ya kwenye basi. Sikuelewa. Akanionyesha kwa vitendo: mtu akikusogelea hivi kwa nyuma, unamfanya hivi. Mama yake alimpa ya kwake akiwa darasa la sita, na bibi yake alimpa mama yake. Nimekaa nikifikiria urithi huo mara nyingi. Kwetu bibi hurithisha khanga, hurithisha kidani.

Wiki tatu baadaye ikaja tarehe 15 Agosti, sikukuu ya uhuru. Asubuhi tulisimama uani, bendera ikapandishwa, wimbo wa taifa ukaimbwa, tukagawiwa laddu za manjano zinazonata vidole. Ukumbini televisheni ilikuwa wazi. Narendra Modi, miezi mitatu tu tangu awe Waziri Mkuu, alikuwa akihutubia kwa mara ya kwanza kutoka Ngome Nyekundu ya Delhi. Sikujua Kihindi, mwenzangu akawa ananitafsiria sikioni. Mara akanyamaza, akasikiliza, kisha akanishika mkono. Waziri Mkuu alikuwa anazungumzia ubakaji. Aliwauliza wazazi: binti akifika miaka kumi, kumi na miwili, mnamwuliza maswali mia, unakwenda wapi, na nani, utarudi lini. Je, kuna mzazi anayemwuliza hivyo mtoto wake wa kiume? Maana anayebaka naye ni mtoto wa mtu. Aliongea pia kuhusu shule zisizo na vyoo vya wasichana. Ukumbi mzima ulipiga makofi, wasichana themanini hivi, wengine wakasimama.

Saa mbili na nusu usiku geti likafungwa.

Sikusema kitu, nilikuwa mgeni. Lakini swali lile la asubuhi nililibeba tangu siku hiyo, na bado ninalo: nchi inayojiita mama, inamheshimuje binti?

Maana India hujiita mama waziwazi. Bharat Mata, Mama India. Utasikia ikitajwa uwanjani, kwenye mikutano ya siasa, kwenye magwaride. Kesho yake, tarehe 16, nilimkuta Maushi ameinama uani anaokota vibendera vya karatasi vilivyoachwa na watoto wa mtaa. Kanuni za bendera za nchi ile zinakataza kuvitupa ovyo chini, ila Maushi hakusoma kanuni yoyote, wala hakujua kusoma. Alivipangusa tope kimoja kimoja, akavichomeka kwenye pindo la sari yake. Nilipomwuliza kwa Kimarathi changu cha wiki tatu, alijibu maneno mawili: "Aai aahe." Ni mama.

Baadaye niliiona picha iliyomfanya Bharat Mata ajulikane, ya mchoraji Abanindranath Tagore wa Kolkata, ya mwaka 1905. Wakati huo Waingereza walikuwa wameigawa Bengali vipande viwili na watu wamegoma kununua nguo za Kiingereza. Ni mwanamke aliyevaa vazi la rangi ya zafarani, mikono minne. Mkono mmoja umeshika kitabu, mwingine masuke ya mpunga, mwingine kitambaa cheupe, mwingine tasbihi. Hakuna silaha hata moja. Mama huyu anasomesha, analisha, anavisha, anaomba. Picha zilizokuja baadaye zilimpa mkuki wa ncha tatu na simba wa kupanda, na siku hizi hizo ndizo nyingi. Mimi naipenda ile ya kwanza. Inasema nchi ni kazi ambayo mtu anaifanyia wenzake, na kazi yenyewe ni ileile ambayo akina mama huifanya kila siku bila mtu kuwapandishia bendera.

Maushi alikuwa na picha moja tu kwenye kijichumba chake cha mafagio, iliyokatwa kwenye kalenda: Savitribai Phule. Mwaka uleule nilipofika, Chuo Kikuu cha Pune kilipewa jina la mama huyu, na mimi nilidhani ni mwanasiasa. Maushi ndiye aliyenisimulia, mwenzangu akitafsiri palipokwama. Mwaka 1848, Savitribai akiwa hajafika hata miaka kumi na minane, yeye na mumewe Jotirao walifungua shule ya wasichana mjini Pune, kwenye nyumba iitwayo Bhide Wada. Mume ndiye aliyemfundisha kusoma. Watu wa mtaani walikasirika. Asubuhi akienda shuleni walimtupia tope na kinyesi cha ng'ombe, na yeye akawa anabeba sari ya pili kwenye mfuko. Anafika, anabadilisha, anafundisha, jioni anavaa ile chafu kurudi nyumbani.

Maushi alipofika kwenye sari ya pili alikuwa anagusa sari yake mwenyewe, ya buluu, iliyochujuka mabegani.

Tulikwenda kuitafuta nyumba hiyo. Iko katikati ya mji mkongwe, ng'ambo ya barabara kutoka hekalu la Ganpati ambalo watu humiminika usiku na mchana. Hekaluni maua, kengele, foleni. Upande huu ghorofa la mbao lililooza, madirisha yameng'oka, chini kuna fremu za maduka. Hatukuruhusiwa kuingia ndani. Nyumba ile ilibomolewa mwishoni mwa 2023 ili pajengwe kumbukumbu, na nasikia vizuri kwamba itajengwa, lakini ninafurahi kwamba niliiona ikiwa gofu. Gofu lile lilinifundisha jinsi nchi inavyoweza kumtukuza mwanamke kwa jina na kumsahau kwa vitendo, bila kuona kwamba inafanya mambo mawili.

Savitribai alikufa Machi 1897. Tauni ilikuwa imeingia Pune, yeye na mwanawe wa kuasili, ambaye alikuwa daktari, wakafungua kliniki nje ya mji. Alimbeba mgongoni mtoto mgonjwa kumpeleka huko, akaambukizwa. Hakuwahi kuiona bendera ya rangi tatu. Hakuwahi kuimba wimbo wa taifa. Ukiniuliza mimi mzalendo wa India ni nani, nitaanza na huyu.

Mwaka 2015 tumbo lilinisumbua, nikapelekwa kupigwa ultrasaundi. Ukutani kulikuwa na bango kubwa, kwa Kimarathi na Kiingereza: hapa hatutaji jinsia ya mtoto, ni kosa kisheria. Kwetu mama mjamzito akitoka kupimwa, swali la kwanza ni wa kike au wa kiume, aanze kununua nguo. Pale sheria ya mwaka 1994 inakataza nchi nzima, na Maharashtra, jimbo ambamo Pune imo, ilianza yenyewe mapema zaidi, 1988, kwa sababu wazazi wakishajua ni msichana, wengine humtoa. Sensa ya 2011 ilikuta wasichana chini ya 920 kwa kila wavulana 1,000 walio chini ya miaka saba. Nililala pale kitandani, mafuta ya baridi tumboni, nikilisoma bango lile mpaka mwisho, na sikuwa hata mjamzito.

Nilipomsimulia Maushi, akaniambia kwao, wilaya ya Satara, mabinti wengi walikuwa wanaitwa Nakusa. Maana yake asiyetakiwa. Binti wa tatu, wa nne, anaitwa hivyo ili atakayefuata awe mvulana. Na sisi tunao akina Tabu, Shida, Sikudhani, najua. Lakini yale huwa yanasimulia tabu ya mzazi. Jina la Nakusa linamwambia mtoto mwenyewe, kila anapoitwa kula. Oktoba 2011 serikali ya wilaya ile ilifanya sherehe, mabinti 285 wakachagua majina mapya na kupewa vyeti. Mpwa wa Maushi alikuwa na rafiki aliyebadilishwa jina siku ile. Kwa muda mrefu, Maushi alisema, mtoto yule akiitwa jina jipya alikuwa haitiki.

Katika jimbo la Rajasthan kuna kijiji cha Piplantri. Aliyekuwa mwenyekiti wake, Shyam Sundar Paliwal, alifiwa na binti yake, akaanzisha desturi kwamba kila akizaliwa msichana kijiji kinapanda miti 111. Wanakijiji wanachanga fedha, wazazi wanaongeza, zinawekwa benki kwa jina la mtoto, na wazazi wanatia saini kwamba hatakatishwa masomo wala kuozwa kabla ya umri wa kisheria. Eneo lile lilikuwa limeharibiwa na machimbo ya marumaru, sasa lina msitu. Hiyo kwangu ndiyo sura ya uwajibikaji: hakuna hotuba ndani yake, kila nyumba imetoa kitu.

Lakini narudi kwenye geti, maana ndilo lililonifundisha tofauti kati ya maneno mawili ambayo India huyachanganya, na sisi tunayachanganya pia. Ulinzi na heshima.

Kuna sikukuu nzuri sana, Raksha Bandhan, dada anamfunga kaka yake uzi mkononi. Raksha ni ulinzi, bandhan ni kifungo. Mwenzangu alimtumia kaka yake uzi kwa posta kila mwaka, na kaka yake, ambaye alimpenda kweli, ndiye aliyempigia saa mbili na nusu kila usiku ambao mama yao hakumpigia. "Umeingia?" Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa bado nje.

Tukio la Delhi la Desemba 16, 2012 kila mmoja wetu alilijua. Mwanafunzi wa fiziotherapia, miaka ishirini na mitatu, ametoka sinema na rafiki yake, wamepanda basi la binafsi saa tatu na nusu hivi usiku, na humo akabakwa na kundi la wanaume. Alikufa siku kumi na tatu baadaye, hospitalini Singapore. Magazeti yalimwita Nirbhaya, asiye na hofu. Rafiki yake aliyenusurika alieleza jinsi walivyolala kando ya barabara wakivuja damu huku magari yakipunguza mwendo, watu wakitazama, kisha wakiondoka. Wengi waliogopa kesi, kuitwa polisi, kupoteza siku mahakamani. Hofu hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2016 Mahakama ya Juu ililazimika kuipa nguvu ya sheria miongozo ya kumlinda anayemsaidia majeruhi wa barabarani, asisumbuliwe.

Serikali iliunda kamati ya watu watatu chini ya jaji mstaafu J. S. Verma. Maoni takriban 80,000 yalimiminika, na katika siku 29 ripoti ikawa tayari. Jaji Verma hakuwa mgeni wa jambo hili. Mwaka 1997, akiwa Jaji Mkuu, yeye na wenzake ndio waliotoa hukumu ya Vishaka, iliyoweka kwa mara ya kwanza miongozo dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia kazini. Hukumu ile chanzo chake ni Bhanwari Devi, mfinyanzi wa kijiji cha Bhateri, Rajasthan, aliyefanya kazi ya serikali ya kuzuia ndoa za watoto. Alijaribu kuzuia moja, mwaka 1992, na wanaume wakamvamia shambani mbele ya mumewe. Mahakama ya chini iliwaachia washitakiwa kosa la ubakaji. Yeye hakuipata haki yake, lakini kila mwanamke anayefanya kazi ofisini India leo analindwa na sheria iliyozaliwa kutokana na madai yake. Kamati ya Verma ilipendekeza mengi, na mengine yakawa sheria 2013. Pendekezo kwamba mume anayembaka mkewe awe na hatia kama mwingine halikupita, na mpaka leo halijapita.

Na geti? Baada ya Delhi magetini kulikazwa. Wazazi waliogopa, wakuu wa vyuo wakaogopa, saa zikarudishwa nyuma. Mwaka 2015 wanafunzi wa kike wa Delhi walianzisha vuguvugu la Pinjra Tod, vunja kizimba, wakidai hosteli zisiwafungie. Kwetu Pune mwenzangu aliandika barua yenye adabu, wasichana arobaini wakatia saini. Jibu lilikuwa kwamba ni kwa ajili ya usalama wetu. Nikamwona mwenzangu amekaa kitandani na karatasi ile, akasema jambo ambalo sijalisahau: mwizi yuko nje, na aliyefungwa ni mimi.

Januari 31, 2016 jambo hili lilifika kwetu Watanzania. Bangalore, raia wa Sudan aligonga na kumuua mwanamke kwa gari. Nusu saa hivi baadaye umati ukamkamata Mtanzania, mwanafunzi wa miaka ishirini na mmoja ambaye hakuhusika kwa lolote, ukampiga, gari walimokuwa likachomwa, na yeye alisema walimvua nguo. Iliripotiwa kwamba kijana mmoja aliyempa fulana ajisitiri naye alipigwa. Nchi nzima ilizungumza, Waziri wa Mambo ya Nje Sushma Swaraj alieleza masikitiko yake, watu wakakamatwa. Sisi wasichana wa Kiafrika wa Pune hatukutoka kwa siku kadhaa. Mlinzi wetu, Kaka, aliniletea machungwa mlangoni, akasimama, akashindwa kusema, akaenda.

Mimi nilimfikiria, na bado namfikiria, yule wa fulana. Sijui jina lake. Katika umati uliojiona unamlipia kisasi mwanamke wa Kihindi, ni yeye peke yake aliyeona mwanamke.

Niliondoka India 2017. Nchi ile sikuiacha, niliendelea kuifuatilia kama mtu anavyofuatilia nyumba aliyolelewa. Agosti 15, 2022 Waziri Mkuu alisimama tena Ngome Nyekundu, akawasihi wananchi waache kila neno na tabia inayomdhalilisha mwanamke. Siku hiyohiyo serikali ya jimbo la Gujarat iliwaachia huru wanaume 11 waliofungwa maisha kwa kumbaka Bilkis Bano akiwa mjamzito na kuua watu wa familia yake, akiwemo binti yake wa miaka mitatu, katika ghasia za 2002. Walipokewa kwa peremende na mashada ya maua. Ilichukua mpaka Januari 2024 Mahakama ya Juu kuwarudisha gerezani.

Mei 2023 walikuwa wanamieleka. Sakshi Malik, mwanamke wa kwanza wa India kuleta medali ya Olimpiki katika mieleka, Rio 2016. Vinesh Phogat. Walilala barabarani Delhi zaidi ya mwezi wakidai mkuu wa shirikisho lao achunguzwe kwa tuhuma za kuwanyanyasa wanawake, tuhuma alizozikana. Mei 28, siku Bunge jipya lilipozinduliwa, walitembea kuelekea huko na bendera ya taifa mikononi, polisi wakawabwaga chini wakawasomba kwenye mabasi. Siku mbili baadaye walikwenda Haridwar, kwenye mto Ganges, kutupa medali zao majini. Viongozi wa wakulima waliwawahi wakawasihi wasitupe.

Niliona watu mtandaoni wakiwaita wasaliti. Watu walewale waliolia machozi bendera ilipopandishwa kwa ajili yao. Hapo ndipo ninaposimama, na sitayumba: anayeidai nchi yake ndiye anayeipenda. Usiyempenda humdai, unamwacha aende zake. Savitribai aliidai, Bhanwari Devi aliidai, hawa walioshika medali ukingoni mwa mto waliidai. Anayemwita nchi mama kisha akamwambia binti anyamaze kwa heshima ya mama, huyo mama amemgeuza kuwa ukuta wa kujifichia.

Agosti 9, 2024 daktari mwanafunzi alibakwa na kuuawa ndani ya hospitali ya RG Kar, Kolkata, akiwa amejipumzisha kwenye chumba cha semina katika zamu ndefu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Hakuwa barabarani, alikuwa kazini, amevaa koti jeupe, anatibu watu. Serikali ya jimbo, kati ya hatua ilizotangaza, ilisema wanawake wapunguziwe zamu za usiku inapowezekana. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ilikataa: kazi ya serikali ni kuwapa usalama, si kuwaondoa usiku. Nilisoma hukumu ile nikaiona hosteli yetu, daftari na vyote.

Lakini wanawake wa Kolkata hawakusubiri mahakama. Walipeana taarifa kwa simu: usiku wa Agosti 14, dakika tano kabla ya saa sita, tutoke. Ni saa ileile India ilipopata uhuru, usiku wa manane kuamkia tarehe 15 Agosti 1947.

Mwenzangu alishahamia kwao. Saa tatu na dakika ishirini na tano usiku, mimi niko Dar naosha vyombo, ujumbe wa sauti ukaingia. Mvua, honi za magari, na juu yake mlio mrefu wa kombe la baharini, lile wanalopuliza wanawake wa Kibengali majumbani jua likizama. Mamia yakipulizwa barabarani. Kisha picha: mama yake, yule wa pini, yule wa "umeingia?", mwanamke wa miaka sitini na zaidi, sari nyeupe yenye pindo jekundu imelowa mpaka magotini, ameinua mshumaa uliozimika na mvua na hajaushusha.

Usingizi haukuja. Saa tano na nusu nikamwandikia, kwao ni saa nane usiku. Nikaandika bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka ile mitatu: "Mmeshaingia ndani?"

Jibu likaja baada ya dakika chache.

"Bado. Mama hataki kurudi."